Ekseli ya nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Hafu shafti imekatika tena. Ya kulia, ile fupi. Magunia ya vitunguu ya watu juu, jua la Mang'ola utosini, nikasikia "ta!" moja tu. Basi. Injini inanguruma, gari halitaki. Nikakandamiza kirungu cha njano, magurudumu ya mbele yakavuta mpaka Karatu. Mwenye vitunguu hakusema neno. Afadhali angefoka.

Jumanne, 4 Machi

Fundi ameichomoa bila kupiga jeki. Raha ya Land Rover hiyo: fungua bolti za habu, vuta, imetoka. Kipande cha ndani ndicho kimegoma, ikabidi difu ishushwe. Nimekaa nacho mkononi muda mrefu. Yale meno kumi yamejisokota kama kamba ya katani. Pale kilipokatika, pembeni pana kutu, katikati chuma kinang'aa. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, nami napandisha nao makorongo!

"Bosi, hii ni ya 1969," fundi ananiambia. "Wewe unaipakia kama Fuso."

Kimya.

Alhamisi, 6 Machi

Usingizi hakuna. Hafu shafti nyingine kama hii? Rahisi, halafu nikae nikisubiri mlio.

Kijana wa gereji ya jirani ananishawishi nifunge ekseli za Land Cruiser ya zamani. Vyuma vya Mjapani havifi, anasema. Sawa, havifi. Lakini rimu zangu ni za nati tano, zao sita. Vitako vya springi vikatwe, vichomelewe upya. Na ukigeuza nyuma lazima ugeuze na mbele, maana uwiano wa difu ukipishana, siku unaweka magurudumu manne zitavutana mpaka kitu kikatike. Huko si kurekebisha gari, ni kutengeneza jingine.

Inabaki Salisbury. Ile ekseli nene ya Land Rover mia na tisa za Series III. Inakaa palepale, springi zilezile. Yubolti kubwa zaidi na propela fupi zaidi, basi. Uwiano uleule 4.7, ya mbele haiguswi.

Nimeshachagua. Hela ndiyo haijachagua.

Jumamosi, 8 Machi. Arusha

Muuza vyuma ana Salisbury mbili, anaapa zote ni za Series III. Moja ina vishikio vya springi za koili! Hiyo ya One Ten, 3.54. Mtu mzima unaapa hivyo mchana kweupe.

Ya pili tumeilaza. Fundi kabana habu ya kushoto isicheze, chaki kwenye flenji ya propela, mimi nazungusha ya kulia mara mbili kamili. Flenji ikapita nne, ikasogea, ikasimama kabla ya tano. Kama robo tatu hivi. Ndiyo yenyewe! Akafungua mfuniko wa nyuma, akachovya kidole: oili nyeusi, unga wa chuma hakuna. Nikajikaza uso usionyeshe kitu. Mfanyabiashara akiona meno yako, bei inapanda.

Usiku

Kitu kimoja kinanikera. Difu ya ekseli yangu ya Rover unaishusha njiani kwa spana, unafunga nyingine, unaondoka. Ya Salisbury imejengewa ndani ya ekseli. Kuitoa kunataka kifaa cha kutanua bakuli lake, na Mang'ola sijakiona. Fundi anasema haitafika huko. Mafundi wote husema hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Nimelipa. Watu wanne wameibeba, na wamelalamika kila hatua.

Ya zamani siiuzi. Fundi anataka aniondolee "bure." Bure! Difu yake nzima, na hafu shafti ndefu ya kushoto bado nzuri.

Ningekuwa nazunguka na mahema na wageni wawili, nisingehangaika, Rover inatosha kabisa. Kwa magunia ya vitunguu, Salisbury.