Vuli Moja, Majira Mawili

Vitabu vingi tulivyofundishia viliyaita "vuli" majira ya Ulaya ambamo majani hupukutika. Sikuridhika kamwe. Kwetu Muheza vuli ni mvua, zile fupi za Oktoba hadi Desemba, nazo huja na jembe mkononi.

Mvua ya kwanza ilipoilowesha ardhi, marehemu mama alilishusha darini boga la mwisho, lililosalia toka mavuno ya masika. Alilikata vipande vikubwa, na maganda yake, akalipika kwa tui zito la nazi na chumvi kidogo. (Sukari aliiona ni ya kuliharibu boga, nami naafiki hadi leo.) Mbegu hazikuliwa. Zilioshwa, zikaanikwa ungoni karibu na jiko, kisha zikafukiwa kandokando ya mahindi. Tulikula ili tupande.

Binti yangu sasa anaishi Toronto. Huko Jumatatu ya pili ya Oktoba ni Sikukuu ya Shukrani, na boga halikosi mezani. Yeye hulipika kwa tui la kopo. Mwaka jana mjukuu aliniuliza kwa simu, "Bibi, huko vuli imefika? Majani yameanguka?"

Nikamjibu kuwa huku ndiyo kwanza yanachipua.

Akanyamaza. "Basi mbona neno ni moja?"

Ninyi washairi mjibuni. Mimi nilimwomba mama yake asizitupe mbegu. Amezianika dirishani, zitangoja mwishoni mwa Mei, ardhi ya huko ipate joto.