Shofere Mzee na Gari Yenye Vifaa Vipya

Mwezi huu nataka tuongee juu ya wazee wetu wanaoshika volani. Huku Ntoto tunazoea miguu na pikipiki, lakini jamaa nyingi ziko na mjomba ao baba mkubwa upande wa Masisi ao Goma, aliyeendesha kamioni tangu siku za Zaire. Leo watoto wanamnunulia gari la mitumba kutoka Japani, na ndani mna vitu ambavyo hakuna aliyemweleza.

Chukua freni. Shofere wa zamani akiteremka kwenye utelezi anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, ili magurudumu yasikwame. Ilikuwa elimu nzuri. Lakini freni za ABS, ambazo Mercedes-Benz ilianza kuuza mwaka 1978, zinafanya kazi hiyo zenyewe, tena upesi kuliko mguu wa mtu. Wewe unakanyaga kwa nguvu na kushikilia, huku ukiongoza volani, na pedali inatetemeka chini ya kiatu. Mjomba wangu alipousikia mtetemo huo mara ya kwanza aliondoa mguu, akidhani kitu kimevunjika. Tulisimama ndani ya majani, Mungu asifiwe. Nani angemlaumu? Kitabu cha gari kiliandikwa Kijapani.

Tena usidanganyike: kwenye changarawe iliyolegea, ABS inaweza kuchelewesha gari kusimama. Mwendo wa pole bado ni wa lazima.

Gari mpya zaidi ziko na kamera inayotazama mbele na kufunga freni yenyewe. Umoja wa Ulaya umelazimisha kifaa hicho kwa kila gari jipya la abiria tangu Julai 2024. Kamera hutafuta pia mistari iliyochorwa barabarani. Sasa niambie, mistari hiyo utaipata wapi katika tope ya njia ya Masisi? Na tope ikifunika kioo, kamera haioni kitu.

Hata Wajapani, wenye kutengeneza gari hizo, wanahangaika na jambo hili. Aprili 2019, mjini Tokyo, mzee wa miaka 87 aligonga na kuua mama na mtoto wake wa miaka 3. Alisema gari ndiyo mbovu. Mwaka 2021 mahakama ikaona kwamba alikanyaga pedali ya mafuta badala ya freni. Huko mwenye miaka 75 na zaidi anapimwa kumbukumbu kabla ya kupewa leseni mpya. Kwetu ni nani atampima Papa? Ni ninyi vijana wa nyumba, na ninajua ni vigumu, kwa maana yeye ndiye aliyewalipia masomo.

Sisi tulikaa na mjomba Jumamosi nne kwenye uwanja mtupu, akifunga freni kwa nguvu, mpaka mguu ukazoea ule mtetemo. Hapo alikubali upesi, hata akafurahi kama kijana. Juu ya kuendesha usiku alikataa kabisa. Sisi wote tulishindwa. Mwishowe mke wake alimwambia mbele yetu: "Papa, jana jioni ulisalimia muti." Akacheka mpaka machozi, na tangu siku ile, jua likizama, mtoto wake wa kwanza ndiye anashika ufunguo.