Kovu Lisiloonekana



Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha yangu siku mbili, papa hapa Stanmore, nikaponea chupuchupu.

Kabla ya kuhamia Uingereza nilijifungua watoto wawili kwa upasuaji mjini Mombasa. Kovu la nje likapona, nami nikadhani mambo yamekwisha. Sikujua kwamba utando laini unaofunika utumbo nao hujeruhiwa, na katika siku chache za kupona kwake nyuzi za kovu zaweza kuugandisha utumbo na ukuta wa tumbo. Wengi hawadhuriki. Hata hivyo, utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 3 waliopasuliwa tumbo au nyonga alirudi hospitalini ndani ya miaka 10 kwa jambo linalohusiana, au linaloweza kuhusiana, na makovu hayo.

Nilipoanza kusokotwa na tumbo, wifi yangu aliniletea chupa ya vitamini E. "Wifi, hizi ni antioksidanti," akaniambia, "huyeyusha kovu la ndani." Nikazimeza miezi mitano kwa imani. Usiku maumivu yalipokuja kwa mawimbi, nikatapika, tumbo likavimba, choo kikafunga, hata hewa isitoke, nilijipa moyo kwamba dawa inafanya kazi. Usiku wa pili mume wangu hakuniuliza tena, alipiga 999.

Utumbo ulikuwa umebanwa na uzi wa kovu. Nilipasuliwa alfajiri.

Nilipopata nafuu nilimwonyesha daktari ile chupa. Hakunicheka. Alinieleza kwamba wazo lenyewe lina msingi: panya waliotiwa vitamini E ndani ya tumbo wakati wa upasuaji walipata makovu machache. Lakini waliodungwa katika msuli hawakufaidika, na hakuna uthibitisho kwamba vidonge humkinga binadamu, sembuse kuyeyusha kovu lililokwisha kukomaa. Tena kipimo kikubwa huweza kuzuia damu kuganda. Ilinipasa kumwambia kabla ya kisu, si baada yake. Kinga iliyo bora, alisema, imo mikononi mwa mpasuaji: matundu madogo inapowezekana, kushika utumbo kwa upole, glavu zisizo na unga.

Simlaumu wifi, alinipa alichokuwa nacho, yaani mapenzi. Karanga, mchicha na mawese naendelea kula kama chakula. Ila upasuaji ule ulioniokoa nao umeniachia kovu jipya, nami nitaishi nalo nikiwa macho.

Basi dada zangu, na akina kaka pia, mliowahi kupasuliwa tumbo: likisokota, mkatapika, na choo na hewa vikafunga, msingoje kuche. Piga simu. Vidonge vitangoja.

Mama wa wawili, Stanmore