Siku Mbili Bagamoyo

Jina la Bagamoyo wengi tulilisikia shuleni, katika habari za misafara ya pembe za ndovu. Mimi nalikuwa Dar es Salaam kwa kazi. Basi siku ya posho asubuhi tulipanda gari, mimi na rafiki yangu Mtanzania, tukashika njia ya kaskazini. Ni mwendo wa kilometa karibu 70 tu.

Watu huenda huko kupumzika. Hoteli zimejengwa kando ya bahari, na majahazi hushusha samaki ufukoni, ambao akina mama huwakaanga palepale. Niliingia majini mpaka magotini, nikayaonja: chumvi tupu! Mzaliwa wa Kasongo hazoei jambo hilo upesi, na rafiki yangu alinicheka sana.

Lakini mimi nilikuwa na shauri jingine. Marehemu nyanya yangu alikuwa akisimulia ya kwamba dada mmoja wa mama yake, akiwa msichana bado, alichukuliwa na msafara kuelekea upande wa mashariki. Hakurudi. Na njia ile, baada ya kuvuka ziwa na kupita Ujiji na Tabora, ilikuwa ikiishia hapa.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Watoto wengi walinunuliwa kwa fedha ili wawe huru. Walikuwa wachache mno mbele ya umati uliopita. Katika nyumba ya makumbusho ya misioni niliona minyororo ya shingo. Sikukaa sana humo.

Nje uko mbuyu mkubwa ambao shina lake limemeza mnyororo. Wasimulia ya kwamba bibi mmoja wa Ulaya alimfunga punda wake hapo, mnyororo ukasahauliwa. Watalii hucheka na kupiga picha. Hupiga picha pia mbele ya mnara wa kanisa la kwanza, ulipowekwa mwili wa Livingstone mwezi wa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuuchukua kwa miguu miezi mingi kutoka nchi iitwayo leo Zambia. Hilo ni tendo kubwa, sikatai. Ila kibao cha wachukuzi wa pembe waliokufa njiani sikukiona.

Tulimwuliza kiongozi wetu maana ya jina la mji. Wengine husema ni kutua moyo, kwa furaha ya mpagazi aliyefika pwani. Wengine husema ni kuuacha moyo, kwa huzuni ya mtumwa anayevushwa bahari. Ipi ni ya kweli? Akajibu: “Kila mzee ana yake.”

Dominika, baada ya Misa, mama mmoja mzee alinisalimu mlangoni, akauliza natoka wapi. Nikamwambia Kasongo, katika Maniema.

“Mmanyema!” akasema, akinishika mikono yote miwili. “Nyanya yake baba yangu aliitwa hivyo hivyo, Mmanyema. Karibu kwenu, mwanangu.”

Nilimwuliza jina ambalo mama huyo alipewa na wazazi wake. Akafikiri kitambo, kisha akatikisa kichwa. Hapakuwa na mtu aliyelijua.

Akatupeleka kwake, akatupa wali na samaki. Tulikaa barazani mpaka saa kumi, naye akaniuliza habari nyingi: mto wetu una upana gani, mihogo huliwaje, mvua hunyesha lini.