Mabakuli ya Kaole

Likizo ya mwaka 1984 Baba alituahidi mambo mawili: Kaole na Makumbusho ya Taifa. Ulikuwa mwaka wa foleni. Sukari na sabuni zilikuwa habari ya kunong'onezana, na basi la Bagamoyo lilitoka Kariakoo limejaa hadi mlangoni. Njia nzima vumbi na mchanga. Tulifika kwa bibi mzaa mama, mtaa wa Dunda, kope na nywele zimekuwa nyekundu.

Kesho yake alfajiri tulishika njia ya Kaole kwa miguu, kilomita 5 hivi kusini mwa mji, minazi kushoto na kulia. Bibi alitangulia. Alikuwa amefunga ubani kwenye ncha ya kanga yake. Baba yeye alibeba daftari. Alitaka tuandike kila kitu: msikiti mkubwa ambao wataalamu wanasema ni wa karne ya 13, mihrabu yake ya matumbawe yaliyochongwa, Neville Chittick wa Idara ya Mambo ya Kale aliyechimba hapo mwaka 1958. Niliyaandika yote. Daftari lile lilipotea zamani, lakini maneno ya Bibi ninayo.

"Vueni viatu," alisema tulipofika kwenye makaburi.

"Mama, haya ni magofu," Baba alimwambia kwa upole.

"Magofu ni nyumba, mwanangu. Hawa ni watu."

Tukavua. Tukawatolea salamu wenyeji wa pale kama tulivyofundishwa madrasa, Baba naye akaitikia. Kisha tukaachiwa kutazama. Sijasahau zile nguzo, ndefu kumzidi mtu yeyote niliyemjua, zimesimama juu ya makaburi zimepakwa chokaa iliyokwisha kubanduka. Karibu na kilele kulikuwa na vidaka vya mviringo, vitupu. Mdogo wangu, ambaye siku hizo hakuwa na meno mawili ya mbele, alisema nguzo imeng'oka meno. Mlinzi alicheka, akatueleza kwamba humo ndimo yalimopachikwa mabakuli ya Kichina, ya rangi ya kijani iliyopauka, yaliyoletwa na majahazi wakati Kaole ni bandari. Akanyoosha mkono kuelekea baharini. Hatukuona maji, tuliona mikoko tu. Bahari ilijiondokea, mikoko ikaishika nafasi yake, na biashara ikahamia Bagamoyo.

"Na mabakuli yako wapi?" Bibi aliuliza.

"Dar es Salaam, bi mkubwa. Makumbusho."

"Walimwomba nani ruhusa?"

Mlinzi alinyamaza kidogo. "Yangeachwa hapa, yangeibiwa."

Bibi alifikiri. "Hapo umesema kweli," akajibu, akaenda zake kwenye kaburi la Sharifa kufukiza ubani wake, mahali ambapo wanawake wa pwani wamekuwa wakija kuomba dua tangu kabla ya kuwepo mlinzi wala kibao. Lakini njiani kurudi alikuwa kimya, na usiku akatangaza kwamba safari ya Dar tutakwenda naye.

Tukaenda. Makumbusho yako Mtaa wa Shaaban Robert, ubavuni mwa Bustani ya Mimea. Baba alitusimamisha kwanza kwenye habari za Zinjanthropus: namna Mary Leakey alivyoliona fuvu lile Olduvai mwaka 1959, namna lilivyopelekwa nje na kurudishwa nyumbani mwaka 1965. Alilisema lile la kurudishwa mara mbili, kwa fahari, na alikuwa na haki. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mwili wake ulizikwa wapi. Baba hakuwa na jibu.

Kwenye kabati la kioo lenye vyombo vya pwani, Bibi alisimama. Hakujua kusoma herufi za Kilatini, na hakuniomba nimsomee. Aliyatazama mabakuli ya kijani moja moja, akainua mikono na kusoma Fatiha. Watu waligeuka. Nilitamani ardhi inimeze, na leo naona haya kwa kutamani vile. Baba aliweka daftari chini ya kwapa, naye akainua mikono.

Nimekwenda makumbusho mengi tangu siku ile. Vibao hutaja nchi kilikotengenezwa chombo na karne yake, na hilo ni jema. Ila bakuli la kaburini halikuwa shehena tu. Kuna aliyelinunua kwa gharama, akakataa kulitumia kwa chakula, akalipandisha juu ya nguzo ya maiti wake ili mwezi ulimulike. Huyo naye astahili mstari mmoja kwenye kibao: lilitoka Kaole, juu ya kaburi. Naamini watoto wengi wangesimama zaidi ya nukta mbili mbele ya kioo kama wangeusoma mstari huo.

Bibi alifariki mwaka 1991, akazikwa Bagamoyo. Wanangu nimewafikisha Kaole mara tatu. Vidaka bado viko juu, vitupu. Nawe ukiwa na watoto, waoneshe vidaka hivyo kabla hujawapeleka Dar es Salaam kuona mabakuli. Na mkifika makaburini, vueni viatu.