Taa ya Jirani

Nuru ni neema, na mtu mwenye akili timamu haichukii. Kwa nuru mwanafunzi hudurusu usiku, mkunga humpokea mtoto, na msafiri huliona shimo kabla hajatumbukia. Lakini kila neema ina mahali pake na kiasi chake. Maji ni uhai yakiwa mtungini. Yakiingia chumbani huitwa mafuriko. Taa nayo ni vivyo hivyo. Ikiangaza ua wa mwenyewe ni mlinzi. Ikivuka ukuta na kuangukia kitanda cha mwingine ni mgeni asiyebisha hodi.

Wazee wetu hawakuijua sana taabu hii. Kibatari na kandili vilikula mafuta, na mafuta yalinunuliwa kwa fedha. Kwa hiyo nyumba zilizima mapema. Siku hizi balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga ulio karibu sawa na wa balbu ya kale ya wati 60. Kitu kikiwa rahisi, watu husahau kukizima. Tena watu huwasha taa kwa hofu. Katika mitaa ya Nairobi, taa za milingoti mirefu zilipewa na wakazi jina la "mulika mwizi", na jina hilo laeleza kila kitu. Basi atakaye kushindana na taa ya jirani hana budi kuijua kwanza hofu iliyoiwasha.

Hata hivyo, madhara ya mwanga wa usiku si ya kudharauliwa. Mwaka 2002 wataalamu walieleza kwamba jichoni mna chembe ambazo kazi yake kubwa si kuona maumbo, bali kuupasha ubongo habari ya mchana na usiku. Chembe hizo huitikia zaidi mwanga wa samawati, nao umo kwa wingi katika taa nyingi nyeupe. Ubongo ukidhani kungali mchana, mwili hupunguza melatonini, homoni iutayarishao kwa usingizi. Viumbe wengine hudhurika zaidi yetu. Huko Watamu, watoto wa kasa hutoka mchangani usiku na kuifuata nuru ya upeo wa bahari. Taa kali za pwani huweza kuwapoteza, wakaelekea nchi kavu na kufa.

Mjini Malindi, nikaapo, jirani yetu mjane alivunjiwa nyumba. Baada ya siku chache alitundika juu ya mlango wake taa ya wati 50, uso wake umeelekea dirisha la binti yangu. Mtoto akawa halali ila kwa kujifunika kanga usoni, na asubuhi akienda shule anasinzia. Rafiki mmoja alinishauri kutundika pazia zito. Ushauri huo wafaa nchi ya baridi. Pwani, wakati wa kaskazi, mwenye kuziba dirisha huziba upepo, na chumba kikawa tanuri. Mwingine alinihimiza kununua taa kubwa zaidi nimrudishie. Huko ni kuzima moto kwa mafuta.

Jioni moja nilikwenda kubisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nilimpa pole kwa wizi ule, kisha nikamwomba aje barazani petu baada ya isha, aitazame nyumba yake. Alikuja, akakinga macho kwa mkono.

"Mama, wauona mlango wako?"

"Siuoni. Nauona mwanga tu."

"Nasi hatuuoni. Mwizi akisimama pale, nani atapiga kelele?"

Alinyamaza kitambo. "Mwalimu, taa siizimi. Nalala peke yangu."

"Usiizime, mama. Iinamishe."

Kesho yake fundi aliielekeza taa chini, akaivika kofia ya bati, na badala ya balbu kali akatia ndogo yenye mwanga wa manjano. Tangu siku ile mlango wa mjane waonekana vizuri kutoka kwetu, na binti yangu hulala gizani.

Si kila jirani hukubali upesi hivyo. Akikataa, yuko mzee wa mtaa wa kuwapatanisha. Na nyuma yake iko Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 42 humpa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Lakini sheria ni dawa kali, na dawa kali hainywewi kabla ya uji. Neno la upole lianze.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ya hatari, fimbo ya karibu ni jirani: sikio lake lisikialo, na jicho lake lionalo. Mwenye kuwasha taa kwa ajili ya usalama wake, na aangalie asilipofushe jicho hilo.