Kujinasua Mkononi mwa Mkabaji

Karani mmoja akaaye Likoni alitoka kazini kisiwani usiku, akavuka kwa feri pamoja na umati wa watu, akapanda mteremko, na kidogo kidogo wenzake wakatawanyika, kila mmoja akashika kichochoro chake. Alipobaki peke yake, mkono ulimzunguka shingoni kutoka nyuma. Alirusha mikono amshike adui uso, asipate kitu. Alipozinduka alikuwa chini, hana simu, hana mshahara, hana hata viatu. Wenyeji wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaujua sana ukabaji wa namna hiyo. Jina lake la mitaani ni ngeta.

Kilichomwudhi kuliko hasara ya fedha ni kwamba mkono ule ulikuwa mwembamba kama wa mtoto wa shule, naye ni mtu wa kifua kipana. Lakini ngeta haihitaji nguvu nyingi. Mkono wa mkabaji hubana mishipa mikubwa ya damu iliyo pande mbili za shingo, na damu isipofika ubongoni mtu huzimia kwa muda wa sekunde 10 hivi. Hapo hapana nafasi ya kutafuta shauri.

Baadaye alijifunza kwa mtu ajuaye judo. Aliambiwa kwamba mikono haiendi nyuma kamwe. Yote miwili hushika mkono unaokaba na kuuvuta chini kifuani kwa uzito wa mwili mzima, na papo hapo kidevu huinamishwa na kugeuzwa upande wa kiwiko cha adui, maana penye kunjo la kiwiko pana nafasi kidogo ya kupitisha pumzi na damu. Kisha magoti hukunjwa, kisigino humkanyaga adui mguuni, na mkono ukilegea mtu hugeuka, huchomoka, hukimbia. Hasimami kulipiza kisasi. Na ikiwa kisu kimeonekana, mshahara na utolewe. Mwezi ujao upo.

Kushikwa kifundo cha mkono ni jambo jepesi zaidi. Vidole vinne vina nguvu, kidole gumba ki peke yake, na baina yao ndipo penye mlango. Mtu hukunja kiwiko chake akipeleke mbele, kumwelekea aliyemshika, huku akiuzungusha mkono utoke kwa ghafula upande wa gumba. Anayevuta nyuma moja kwa moja hushindana na vidole vinne. Aliyekabwa koo kwa mbele kwa mikono miwili huinua mkono wake mmoja wima karibu na sikio, akageuza mwili wote kwa nguvu, bega likavunja mshiko.

Wako wasemao kwamba haya ni mambo ya vijana wenye misuli. Huko London, mwaka 1913, Edith Garrud, mwanamke ambaye kimo chake hakikufika futi 5, aliwafundisha jujitsu wanawake waliodai haki ya kupiga kura, wapate kuwalinda viongozi wao wasikamatwe na polisi. Na huko Korogocho, Nairobi, nyanya wazee wamefundishwa kujikinga na wabakaji, wakapiga mito ya mazoezi kwa viganja na viwiko huku wakipaza sauti. Kelele nayo ni silaha, jambo ambalo wanaume wengi huona haya kulikubali.

Sheria ina mpaka wake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 17, yaruhusu mtu kujikinga kwa nguvu ipasayo, kwa kufuata desturi ya sheria za Uingereza. Aliyekwisha kujinasua, kisha akaita watu wampige mawe kijana aliyelala chini, hajikingi tena, naye aweza kushtakiwa kwa kuua.

Karani huyo sasa ana binti katika shule ya sekondari, naye hurudi jioni kwa matatu. Siku za Jumamosi baba humshika kifundo cha mkono uani, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zaidi. Zoezi la shingo hufanywa polepole, bila kubana, na binti akigonga mkono wa baba mara mbili, baba huachia palepale. Mama yake aliwacheka majuma mawili. Jumamosi ya tatu alifunga kanga vizuri kiunoni, akasema na yeye ashikwe.